Ghorofa ya Saba: Safari ya Shabiki Mgeni Uwanjani St James' Park

Mimi ni shabiki wa Aston Villa kwa ajili ya Mbwana Samatta, wala sioni haya kulisema. Aliposajiliwa kutoka Genk mwezi Januari 2020, nilikuwa nimekwisha kuishi Birmingham miaka sita bila ya kuwa na timu ya Kiingereza ninayoweza kuiita yangu. Tarehe 1 Februari aliifunga Bournemouth, akawa Mtanzania wa kwanza kupata bao katika Ligi Kuu ya England, na mwezi mmoja baadaye akafunga kwa kichwa Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi ambayo Manchester City walitushinda 2-1. Mwezi Septemba mwaka huohuo alikwenda zake Fenerbahçe, mimi nikabaki. Ndiyo maana Jumamosi ya tarehe 12 Agosti 2023, msimu mpya ukiwa na siku moja tu tangu uanze, saa tatu na nusu asubuhi ilinikuta katika kituo cha New Street pamoja na mpwa wangu wa miaka kumi na sita, tukielekea Newcastle, kwenye uwanja wao wa St James' Park, kuitazama Villa ikicheza ugenini.

Tiketi ndiyo kazi ya kwanza, na anayeidharau hasafiri. Wenyeji hawakuuzii, unanunua kwenye klabu yako mwenyewe kutoka katika fungu la wageni, ambalo kwa Ligi Kuu halizidi viti elfu tatu, na wanaotangulizwa ni wale waliokwisha kusafiri mara nyingi. Bei ni nafuu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu tangu msimu wa 2016/17 klabu zote za Ligi Kuu zilikubaliana kwamba shabiki wa ugenini asitozwe zaidi ya pauni 30. Nauli ya treni ilinigharimu zaidi ya hapo. Yupo jamaa aliyenishauri nitafute viti katikati ya wenyeji, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Ushauri huo niliukataa, maana ukishangilia bao la timu yako katika jukwaa lisilo lako utatolewa nje, na ukikaa kimya dakika tisini utakuwa umelipa fedha zako ili uteseke.

Kutoka Birmingham ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Treni hupita Derby, kisha Chesterfield, ambako mpwa wangu alinigusa bega anionyeshe kanisa lenye mnara uliopinda na kujisokota kama muwa ulioota vibaya, halafu Sheffield, York na Darlington. Tulikaa kwenye viti tulivyovilipia kuanzia Derby tu, kwa sababu kabla ya hapo palikuwa na mabwana wawili waliosinzia juu yake, na mimi sina moyo wa kumwamsha mzee wa watu kwa ajili ya kiti. Dakika chache kabla ya mwisho wa safari inatokea Durham, kanisa lake kuu likiwa juu ya kilima na mto ukiwa chini, na hapo behewa zima hugeuza shingo upande mmoja. Nasi tuligeuza. Kisha treni inapunguza mwendo juu ya daraja la King Edward VII, lililofunguliwa mwaka 1906, mto Tyne unaonekana chini kabisa pamoja na madaraja mengine yaliyofuatana kama ngazi iliyolazwa, na umefika.

Jambo la kulijua kuhusu Newcastle ni kwamba uwanja haupo nje ya mji, wala pembezoni mwa barabara kuu kama viwanja vingi vipya vilivyojengwa kati ya maghala na maegesho. Uko katikati ya mji, tena juu ya kilima, hivi kwamba ukitokeza kichwa katika mitaa kadhaa unaliona paa lake jeupe likiwa juu ya maduka na benki. Treni za mjini zinazopita chini ya ardhi zina kituo kinachoitwa St James, nao ukuta wa uwanja upo hapo hapo, lakini kutoka kituo kikuu itakubidi ubadilishe treni katika kituo cha Monument. Kwa hiyo mtu mwenye miguu mizima atembee tu, ni robo saa ya kupanda taratibu.

Tulitembea tukiwa na jezi zetu za rangi ya damu ya mzee na samawati, katika mitaa iliyojaa milia myeusi na myeupe ya Newcastle. Nakiri kwamba nilikuwa na wasiwasi. Mimi nimekulia Tanga, lakini ujana wangu niliumaliza Kariakoo, na najua nini maana ya kupita Msimbazi na jezi ya Yanga siku ya mechi ya watani. Hupigwi, lakini utatukanwa kwa ufundi hadi ufike nyumbani. Hapa hakuna aliyetugusa. Bibi mmoja muuza mikate katika soko la Grainger, soko la mwaka 1835 lenye paa la vioo na vichochoro vilivyonyooka, alinitazama jezi, akanihurumia, akaniita kwa neno ambalo katika Kiingereza cha darasani lina maana ya mnyama wa kufugwa. Mpwa wangu alicheka hadi akashika meza. Kumbe ndivyo watu wa kule wanavyomwita kila mtu wanayemtakia heri, kama vile sisi tunavyosema mpenzi au mwanangu.

Kwake nilinunua mkate wa kwao uitwao stottie, ambao ni wa duara, bapa, mzito, na ukiutafuna unavutika. Desturi ni kuujaza nyama ya nguruwe pamoja na dengu za manjano zilizochemshwa hadi zikapondeka. Nilimwomba aiache nyama, aniwekee dengu peke yake, akaniwekea kijiko kimoja, akatafakari, akaongeza cha pili na cha tatu. Dengu zile zilikuwa baridi na hazina hata harufu ya kitunguu, lakini mkate ule ningeula kila siku.

Kosa letu lilikuwa kuufuata umati. Umati ulikuwa wa wenyeji, nao ulikwenda unakotaka, yaani upande wa kusini, kwenye jukwaa la Gallowgate, ambalo jina lake linatokana na barabara waliyopitishwa wahalifu kwenda kunyongwa nyakati za kale. Si jina la kumtuliza mgeni. Tulizunguka tukapita kwenye sanamu ya Sir Bobby Robson, mtoto wa kaunti ya Durham aliyeifundisha timu hii kuanzia 1999 hadi 2004, na pale tuliwakuta watu wa umri wangu wakiwapiga watoto wao picha. Ile ya Alan Shearer, aliyeifungia Newcastle mabao 206, tuliikuta ikiwa imenyoosha mkono mmoja juu, kama alivyokuwa akishangilia.

Ukiuzunguka uwanja huu utauona kwamba umekaa upande. Majukwaa mawili, la magharibi na la kaskazini, yamepaa juu sana, ilhali lile la mashariki ni fupi kama lilisahauliwa. Sababu yake iko hatua chache nyuma: ni Leazes Terrace, safu ya nyumba za mawe zilizojengwa kati ya 1829 na 1834 na kuhifadhiwa kwa sheria katika daraja la juu kabisa la majengo ya kihistoria, kwa hiyo hakuna anayeweza kuzivunja wala kuzizibia mwanga. Klabu imekuwa na matajiri wa kila namna, na tangu Oktoba 2021 mmiliki wake mkubwa ni mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, lakini safu ile ya nyumba bado ipo pale pale. Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, kwa hiyo wana pesa zote hizo na hawawezi kununua nyumba tu?" Nilimjibu kwamba kununua wanaweza, kubomoa ndiko kusikowezekana.

Nyuma ya jukwaa la kaskazini kuna bustani ya Leazes yenye ziwa na mabata. Huko tulitafuta mahali pakavu chini ya mti, tukaswali adhuhuri na alasiri kwa kuchanganya na kupunguza, kama msafiri anavyoruhusiwa, kisha tukaenda kwenye mlango wa wageni.

Hapa ndipo penye habari yenyewe. Newcastle huwaweka wageni katika ghorofa ya saba ya jukwaa hilo la kaskazini, juu kabisa, chini ya paa, na kufika huko ni kupanda vipande kumi na vinne vya ngazi. Mlinzi wa mlangoni alimtazama mzee mmoja wa kwetu aliyekuwa na fimbo, akamwelekeza kwenye lifti bila ya kuulizwa. Sisi wengine tukaonyeshwa ngazi. Vipande vinne vya mwanzo watu waliimba. Kufikia cha saba nyimbo zilikuwa zimebaki kwa vijana tu. Cha tisa nilisimama dirishani nikijifanya natazama mandhari, na pembeni yangu alikuwapo bwana mmoja mnene aliyejifanya vilevile, tukatazama mandhari pamoja kwa muda mrefu bila ya kusemezana. Mpwa wangu alikuwa akizihesabu kwa sauti huko juu, jambo ambalo sikuliona kuwa la adabu. Huko juu kuna vyoo, chai na bia, lakini anayekunywa bia aimalize huko huko nyuma, kwa maana sheria ya mwaka 1985 inakataza kuinywa mahali ambapo uwanja unaonekana.

Ukitokeza kwenye viti, kwanza unashika kitu. Mteremko ni mkali kiasi kwamba magoti yako yako sawa na kichwa cha aliye mbele yako. Mji wote uko wazi juu ya lile jukwaa fupi la mashariki, na wachezaji chini ni kama kete za bao. Wengi wetu hulalamika kwamba wageni wamefichwa mbinguni ili kelele zao zisifike chini, na huenda wana haki, maana wenyeji elfu hamsini walipoanza kuimba, wimbo wetu ulikuwa wa kusikiwa na sisi wenyewe. Hata hivyo mimi nilipapenda, kwa sababu sijawahi kuuona mpira vizuri namna ile. Katika televisheni unaona mpira na watu watatu waliouzunguka. Kule juu unaona watu wote ishirini na wawili, na unaona nafasi zilizo kati yao.

Nilichokiona ni mstari wa mabeki wetu ukiwa umepanda karibu na katikati ya uwanja, kama kocha wetu Unai Emery anavyofundisha, ili wapinzani wanaswe katika mtego wa kuotea. Nyuma ya mstari ule palikuwa na uwanja mtupu, kijani kibichi, mpana kama shamba lililovunwa. Kila mtu katika ghorofa ya saba aliuona uwanja ule mtupu sekunde mbili kabla ya Newcastle kupiga pasi, na hakuna aliyeweza kumwambia beki yeyote. Dakika ya 6 Anthony Gordon alipiga krosi, Sandro Tonali akaiunganisha wavuni. Dakika ya 11 Moussa Diaby, naye akiwa katika mechi yake ya kwanza ya ligi kwetu, alisawazisha, tukakumbatiana na watu tusiowajua, na yule bwana mnene wa dirishani akaninyanyua. Furaha hiyo ilidumu dakika tano, kwani dakika ya 16 Alexander Isak aliwarudisha wenyeji mbele.

Kisha beki wetu Tyrone Mings aliumia goti akatolewa kwa machela kabla ya mapumziko, akaingia Pau Torres, na upande wetu ukanyamaza; msimu ule Mings hakucheza tena. Kipindi cha pili sitakisimulia kwa kirefu. Isak alifunga la pili lake dakika ya 58, Callum Wilson akafunga la nne, Harvey Barnes la tano, hawa wawili wakitokea benchi. Tano kwa moja. Msimu ulipokwisha sisi tulikuwa wa nne na wao wa saba, lakini kule juu jioni ile hakukuwa na nabii wa kutuambia hayo.

Kushuka ngazi kuna ukimya wake. Hatukuzuiliwa; tulimwagika barabarani pamoja na wenyeji, na adhabu pekee tuliyoipata ni mtoto wa miaka minane hivi aliyetuonyesha vidole vitano, kisha kimoja, kwa utaratibu, asije akakosea hesabu.

Kwa kuwa mechi iliyoanza saa kumi na moja na nusu haiachi muda wa kutosha wa treni ya kurudi, nilikuwa nimekodi chumba ng'ambo ya mto, Gateshead. Tuliteremka hadi ukingoni kwa Tyne jua likiwa bado juu. Katika vyuma na minara ya daraja kuu la mwaka 1928 wanakaa ndege wa baharini waitwao kittiwake, ambao huzaa pale kila mwaka ingawa bahari iko mbali, na hakuna kundi lao jingine duniani linalozaa mbali na pwani kuliko hilo. Hupiga kelele kama watoto wanaogombea sahani. Mmoja wao alimlenga mpwa wangu begani, juu ya jezi mpya.

"Sita," akasema.

Asubuhi yake tuliposhuka New Street, alizipita ngazi bila ya kuzitazama, akaenda kusimama mlangoni mwa lifti pamoja na akina mama wenye vigari vya watoto.