Dawa ya Flashi

"Anko, nikiweka Linux picha zangu zitafutika?"

Ni mpwa wangu huyo, Jumapili iliyopita, kwa ujumbe wa sauti uliojaa kelele za konda wa daladala. Laptopu yake haina ubaya wowote, ila imekataa Windows 11, na Windows 10 nayo iliachwa kuhudumiwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Linux ni mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, wa bure. Nikamjibu kifundi: nakili kwanza kila kitu kwenye diski ya nje. Kisha iwashe Linux kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani ya mashine, uone kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka, printa inaitika. Ukiridhika ndipo uiweke moja kwa moja. Na kama kuna hatua inakuuliza ufute diski yote, usibonyeze huku unaongea na simu.

Akanijibu: "Kama ni nzuri hivyo, mbona mafundi wa mjini hawaiweki?"

Nikamkumbuka Mama Steshenari.

Wa Kirumba, Mwanza, mnamfahamu. Fremu yake ilikuwa kwenye njia ya kushukia Mwaloni, mahali ambapo harufu ya dagaa ilikuwa inaingia dukani kabla ya mteja. Fotokopi, kuchapa barua, kadi za harusi, picha za pasipoti, laminesheni, vocha. Mashine ya kuchapia ilikuwa moja tu, Pentium 4 ya mtumba, na monita ya kichogo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kila jioni. Mimi nilikuwa kijana wa kupiga windo, yaani kuwawekea watu Windows upya. Begi mgongoni, ndani CD za XP iliyochakachuliwa, namba ya leseni nimeikariri kuliko namba ya simu ya nyumbani. Napiga windo leo, virusi vinarudi baada ya muda, naitwa tena. Kimaslahi haikuwa mbaya hata kidogo.

Ila mwaka 2010 nilikuwa nimeshaokoka. CD ya Ubuntu 10.04, aina mojawapo ya Linux, ilinifikia kwa posta, bure kabisa. Canonical, kampuni inayoitoa, wakati huo walikuwa wanamtumia yeyote aliyeomba. Basi nikawa mhubiri. Kwenye kijiwe cha kahawa nahubiri Linux, kwa wanafunzi wa Malimbe nahubiri Linux, kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga nahubiri Linux kwa mtu anayekwenda zake Sengerema kumwona shangazi yake. Nikipita, jamaa wa kijiweni wananiita mlokole.

Mama Steshenari aliyavumilia mahubiri yale huku akikata karatasi. Siku moja nilimweleza kwamba kitu hiki hakina mwenyewe mmoja. Nikamwambia kuhusu yule mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliyetangaza kazi yake mwaka 1991, watu wa kila nchi wakajitokeza kusaidia. Akaweka mkasi chini.

"Sasa mwanangu, hao wote wanakula nini?"

Nikasema wengine wanalipwa na makampuni, wengine wanafanya kwa mapenzi.

"Mapenzi," akasema, kwa sauti ya mtu anayedaiwa kodi ya fremu, akachukua mkasi wake.

Basi. Siku yenyewe ilikuwa karibu na mwisho wa muhula, jua la saa sita. Akaingia mwalimu kutoka Ukerewe, shati limemganda mgongoni, bahasha ya kaki kwapani. Mitihani ya shule nzima ilikuwa kwenye flashi moja, ameichapa kwenye kompyuta ya rafiki yake, anataka nakala za kila darasa kabla ya meli ya Nansio kuondoka. Mama akaipokea flashi kwa bashasha. Kazi ya shule nzima si mchezo.

Akaichomeka. Folda zikajitokeza: Darasa la Tatu, la Nne, mpaka la Saba. Ila kila moja ilikuwa na kile kimshale kidogo pembeni, na ukubwa wake kilobaiti moja. Mama akabofya, kioo kikapepesa, hakikufunguka kitu. Aliyewahi kufanya kazi steshenari miaka ile anaujua ugonjwa huu. Kirusi kinazificha folda zako halisi, kinaweka vivuli vyenye majina yaleyale, na wewe ukibofya kivuli ndio umekifungulia mlango kihamie kwenye mashine. Antivairasi ya Mama ilikuwa ya bure na ya zamani. Ikazinduka kwa kuchelewa, ikapiga ving'ora, ikavifuta vivuli vyote. Flashi ikabaki nyeupe. Hakuna folda, hakuna faili.

Mwalimu akainama karibu na kioo.

"Umenifutia, mama?"

"Sijafuta mimi, mwalimu. Imefuta yenyewe."

Sijui kama mmewahi kumwona mtu mzima anavyokaa kimya pale anapojua kwamba watoto wa shule nzima wanamsubiri na yeye hana la kuwapa. Alivuta kiti cha wateja, akakaa, akaifungua ile bahasha ya kaki iliyokuwa tupu, akaifunga. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nikisubiri kulipwa deni la wiki iliyopita. Nikaomba mausi. Nikabofya kulia, nikaangalia hali ya flashi: eti haina kitu, lakini nafasi iliyotumika ni megabaiti mia na ushee. Mzigo ulikuwepo.

"Mama, niruhusu nitumie CD yangu."

"Usije ukaniulia mashine."

"Haigusi kitu ndani. Inajiendesha kutoka kwenye CD tu, nikiitoa Windows yako unaikuta ilivyo."

Akamwangalia mwalimu, akaniangalia mimi, akasema haya.

Nikaiwasha upya huku nagonga F12 kama anayebisha hodi nyumba ya jirani usiku. Kisomea-CD kikaanza kunguruma, kikanyamaza, kikanguruma tena. Kioo cheusi. Kisha zambarau, na jina la Ubuntu katikati, na vile vinukta vitano chini yake vikibadilika rangi kimoja kimoja. RAM ilikuwa megabaiti 512 na mashine yote ilikuwa inasomwa kutoka kwenye CD, kwa hiyo vinukta vile vilipita, vikarudi, vikapita. Nje wapagazi walikuwa wanapandisha magunia ya dagaa kwenye lori, kila gunia linatua kwa kishindo. Mwalimu alikuwa anatazama saa, anatazama vinukta, anatazama saa. Nilijua kabisa kwamba kikikwama hapo, mahubiri yangu Kirumba yameisha.

Kikafunguka. Mama akanisogelea begani.

"Mbona alama ya kufunga iko kushoto?"

Kweli, toleo lile ndilo walilolihamishia vitufe vya dirisha upande wa kushoto, na dunia nzima ililalamika. Sikuwa na nafasi ya kueleza. Nikachomeka flashi. Dirisha likajifungua lenyewe, na humo zilikuwemo folda zote, zimejipanga, hazina mshale hata moja. Pembeni yake, mchana kweupe, kimekaa kile kifaili cha autorun.inf, kinachoiamuru Windows ifungue programu yenyewe, na vijiprogramu vya exe vilivyojibandika majina ya madarasa. Alama ya kuficha ambayo Windows huitii, Linux haiijali, na hizo exe huko hazina pa kukimbilia. Kirusi kilikuwa kimekaa pale kama mwizi aliyedhani taa zimezimika.

Mwalimu akaweka kidole kwenye kioo, kikaacha alama ya jasho.

"Hiyo. Darasa la Saba. Fungua hiyo."

OpenOffice, ile ya bure inayofanya kazi ya Word, ikachukua muda wake. Karatasi ya Hisabati ikatokea, na yeye akaanza kuisoma kwa sauti, kana kwamba anataka kuhakikisha ni yake kweli: mfugaji ana ng'ombe themanini na nne, akauza robo yao, ng'ombe wangapi wamebaki? Akamaliza swali, akanyamaza, na Mama Steshenari, ambaye mikono yake ilikuwa bado begani kwangu, akajibu: "Sitini na tatu." Mwalimu akacheka mpaka akajifuta macho. Alipomaliza kucheka akaendelea kujifuta.

Yaliyobaki ni ufundi wa kawaida. Nikafuta autorun na exe zote, nikatengeneza folda mpya, nikanakili kila kitu humo ili ile alama ya kufichwa isiambatane nazo, nikatoa CD, tukarudi kwenye Windows kwa ajili ya printa. Mama akatoa nakala, nikasaidia kubana pini. Mwalimu akaondoka mbio na bahasha imejaa. Kama meli aliiwahi, sikuwahi kusikia. Nilichosikia ni Mama akimwambia, kabla hajatoka, kwamba hesabu ya fotokopi ni hiyo, halafu kuna elfu mbili ya dawa ya flashi.

Wiki ileile akanikubalia niiweke kabisa kwenye mashine, kando ya Windows. Umeme ukakatika katikati ya kazi, tukaanza upya kesho yake. Ikakaa. Nikamfundisha jirani yake, nikamfundisha binti wa duka la vipodozi aliyekuwa anakuja kuchapa barua za maombi ya kazi, nikawawekea na wengine kadhaa kule Igoma na Nyegezi. Wanaoanza wote huuliza mambo yaleyale, Word iko wapi, C iko wapi, na je, nikizima itapotea. Nilijiona nimefika.

Printa ya Mama haikukubali. Ilikuwa ya aina ambayo kuipata dereva ya Linux, yaani programu ya kuiendesha, inayofanya kazi kulihitaji maombi na kufunga. Kadi za harusi alizichora kwa Publisher, programu ya Windows, na hakuna kitu upande wa pili kilichozifungua. Barua ya mteja iliyoandikwa kwenye Word ikifunguliwa kwa OpenOffice, mstari wa saini unahamia ukurasa wa pili peke yake, na mteja analipia kurasa mbili huku ananuna. Nilirekebisha nilichoweza, fonti hii, mpangilio ule. Kisha siku moja nikapita, nikakuta kijana mwingine na begi lake, anapiga windo. Mama akanisalimia kama kawaida, wala hakuona la kuficha. Akaniagizia soda.

"Ile yako nimeitoa, mwanangu. Inanichelewesha. Ila CD usichukue."

CD ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye msumari, karibu na bei za laminesheni. Juu yake, kwa makapeni nyekundu: DAWA YA FLASHI. Alikuwa amejifunza mwenyewe F12, amejifunza vinukta, amejifunza autorun ni ipi na folda mpya inatengenezwaje. Wateja walikuwa wanaletwa kwake kutoka steshenari nyingine. Mtu anakuja kuchapa ukurasa mmoja, anaondoka amelipia na tiba.

Nilikasirika, sitasema uongo. Nilitaka aipende kama nilivyoipenda. Nilitaka siku moja aulizwe unatumia nini, aseme Linux, aseme kwa kujivuna. Yeye alikuwa ameitundika kwenye msumari.

Hata leo sijui nimweleze vipi mpwa wangu. Nikimwambia mafundi hawaiweki kwa sababu haifanyi kazi, si kweli. Laptopu ninayoandikia haya ina Linux na sijui mara ya mwisho lini imenisumbua. Nikimwambia ni kwa sababu wanaogopa kukosa kazi ya kurudia, hiyo ina ukweli, nami nilikula humo. Lakini Mama Steshenari hakuwa fundi wala hakuwa mwoga. Alijua anachotaka dukani kwake.

Mwaka uliofuata CD ikachubuka, ikawa inakwama kwenye vinukta. Akanipigia simu. Canonical walikuwa wameshaacha kutuma za bure, Aprili 2011, kwa hiyo nikaenda kuishusha kwenye intaneti kafe, karibu megabaiti 700, nikalala na njaa siku hiyo, nikaichoma kwenye CD tupu, nikampelekea.

"Nichomee nyingine tano," akasema.

"Za nini, mama?"

"Wadogo zangu wana steshenari, mmoja Magu, mmoja Misungwi. Na wale wa huku juu wanaonisumbua kuniazima, nitawauzia."

Nikamwambia haiuzwi ile, mama, ni ya bure, watu wamejitolea. Akanitazama kwa huruma.

"Bure ni ya kwako. Mimi nalipa kodi, nanunua CD, na wewe nitakulipa nauli na chakula. Au hao wa Helsinki wamekataza?"

Nilipofika nyumbani nikaisoma leseni ya GPL, ile inayotawala Linux, yote, kwa mara ya kwanza. Hawakukataza. Imeandikwa wazi kwamba unaweza kutoza bei yoyote kwa nakala unayoitoa. Nikachoma CD tano, na ya sita yangu.