Sare Niliyoipokea Haraka

Leo, katika mzunguko wa nne wa mashindano ya wazee kwenye mji mdogo wa pwani ya kusini ya Uingereza, nilipangiwa kete nyeusi dhidi ya bwana mmoja aliyenizidi miaka minane. Shirikisho la dunia la sataranji, FIDE, tangu 2014 huwagawa wazee katika makundi mawili, wa miaka 50 na kuendelea na wa 65 na kuendelea. Sisi tulikuwa wa kundi la pili, ambalo ukumbi wake hunukia dawa ya kuchua.

Alisogeza askari hadi c4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari wake), ufunguzi unaoitwa wa Kiingereza kwa sababu ya Mwingereza Howard Staunton, aliyeutumia mjini Paris mwaka 1843 alipopambana na Mfaransa Saint-Amant. Nikajibu c5, na kwa hatua sita nikamwiga kama kioo: farasi kwa farasi, askofu wa pembeni kwa askofu wa pembeni, hata wafalme wote wawili wakajificha upande mmoja. Kuiga hupumzisha akili, na nakiri kwamba usiku nilikuwa nimelala vibaya. Katika hatua ya saba akaweka askari d4, na kioo kikavunjika.

Tulipokwisha kulana askari na farasi, malkia wake alisimama d4 akitazamana na askofu wangu wa g7, huku farasi wangu wa f6 peke yake akiwatenganisha. Nilipocheza d6, malkia akarudi d3. Nikasukuma a6, nikaleta ngome b8, kisha b5, na baada ya kulana tena askari wake wa c4 akabaki mpweke, bila askari mwenzake safu za jirani. Nilipomtoa askofu hadi f5 kumsumbua malkia alijibu e4, hatua iliyonirudisha e6 lakini ikauziba mshazari wa askofu wake mwenyewe wa g2. Nikaanza kumwona farasi wangu akipitia d7 hadi e5, amfukuze malkia na kumwandama yule mpweke.

Akasogeza ngome b1, akaomba sare. Saa yangu ilikuwa imebakiwa na dakika 41, yake 13. Nilimpa mkono papo hapo.

Baadaye alizirudisha kete pale zilipokuwa tulipokubaliana sare, akamshika farasi wangu kwa vidole viwili na kumweka d7, kisha akanitazama tu. Karatasi ya mchezo iko hapa kitandani. Ile nusu pointi ya sare niliiandika kwa haraka kiasi kwamba haisomeki.