Kwatzi ninayoipima kwa kuakisi

Wiki hii nashinda na kipande cha kwatzi, yale madini, na spektromita ya infraredi, mashine inayopima mwanga usioonekana kwa macho, urefu wa wimbi mmoja mmoja. Kwa macho ni angavu kama maji. Kwenye urefu wa wimbi wa mikromita 9 ni ukuta, hakuna kinachopita. Basi tunapima kinachorudi.

Ninachokipenda hapa: palepale inapofyonza sana ndipo inapoakisi sana, zaidi ya nusu ya mwanga. Sogea hadi kati ya mikromita 7 na 7.5, mwakisiko, yaani sehemu ya mwanga inayorudi, unakaribia kutoweka, kwa sababu n, namba inayoonyesha mwanga unavyopungua kasi ndani ya kitu, imekaribia 1, sawa na hewa.

Kazi yenyewe si ngumu. Unapima kioo cha dhahabu, unaweka kwatzi mahali palepale, unagawanya kipimo cha kwatzi kwa cha dhahabu. Shida ni kwamba kila urefu wa wimbi unakupa namba moja, na wewe unatafuta mbili: ile n, na k inayoonyesha mwanga unavyofyonzwa.

Wanafizikia Kronig (1926) na Kramers (1927) ndio waliotuachia njia: ukijua mwakisiko kwenye masafa yote, yaani kila urefu wa wimbi, unakokotoa fezi (wimbi linaloakisiwa limesogea kiasi gani kulinganisha na lililoingia), kisha n na k. Masafa YOTE, jamani! Mashine inaishia mahali, pembeni unakadiria. Mimi hapo siamini mpaka nilinganishe na modeli ya Lorentz, inayochukulia chaji ndani ya kitu kama vitu vidogo vinavyotikisika kwenye springi.

Upande wa nyuma nimeukwaruza kwa msasa, mwanga usirudi kutoka huko kwatzi inapopitisha. Hata hivyo, karibu na mikromita 3 k imetoka hasi, kana kwamba kwatzi inaongeza mwanga badala ya kuufyonza, jambo lisilowezekana hapa. Kwenye eneo hilo narudi kupima mwanga unaopita.