Jinsi nilivyounyoosha mnara wa Azania Front

Kila picha niliyopiga ya Kanisa la Azania Front, jijini Dar es Salaam, mnara ulionekana kama unaangukia nyuma. Chanzo ni kuelekeza kamera juu: mistari ya wima huanza kukaribiana kileleni. Nikawasha gridi, ile mistari ya kusaidia kunyoosha picha, kwenye kamera ya simu, nikavuka Sokoine Drive hadi upande wa bandari, nikaishika simu wima kabisa, bila kuilaza hata kidogo. Nusu ya chini ikajaa lami na magari. Hiyo niliikata baadaye. Kuta nyeupe zikasimama sawasawa, na mapaa ya vigae vyekundu yakakaa mahali pake. Nendeni asubuhi, jua likitokea upande wa bahari, kwani mchana kuta hung'aa mno na urembo wa madirisha hupotea. Kwa Kanisa la Mtakatifu Yosefu, jirani yake, mbinu ni hiyohiyo.