Siku moja maishani mwangu: kuisikiliza nyotamkia

Saa 2 asubuhi. Nafungua faili la 26 Julai 2015. Siku hiyo chombo cha anga cha Rosetta kilikuwa kilomita 170 hivi kutoka nyotamkia 67P/Churyumov-Gerasimenko, siku 18 kabla haijafika karibu kabisa na Jua. Rosetta ilishushwa juu ya nyotamkia hiyo na kunyamaza 30 Septemba 2016, lakini vipimo vyake vipo, na ndiyo kazi yangu.

Saa 3. Kazi ya kwanza ni kukitoa chombo ndani ya vipimo vyake, na hapa ndipo muda wangu mwingi huishia. Kikiwa katikati ya gesi yenye chaji, chombo hujikusanyia elektroni, mara nyingi kikashuka volti 10 hadi 20 chini ya sifuri. Hapo huzifukuza elektroni na kuzivuta ioni (atomi au molekuli zenye chaji, hapa chaji chanya) kwa kasi zisizokuwa nayo. Vile vitufe viwili vya kupimia, kila kimoja kipenyo cha sentimita 5, vimewekwa kwenye ncha za fimbo ili vikae mbali nacho, lakini havikwepi kabisa. Usiposahihisha hili, unasoma habari za chombo ukidhani ni za nyotamkia.

Saa 6 na nusu nala upesi, narudi.

Saa 8 mchana. Sasa ugasumaku, yaani nguvu ya sumaku iliyokizunguka chombo. Mistari mitatu ya grafu, mmoja kwa kila mwelekeo, inarukaruka asubuhi nzima ya siku ile. Ghafla yote inalala kwa pamoja kwenye sifuri, dakika 25 hivi, kisha inaamka. Gesi inayotoka kwenye barafu husukuma ioni kwenda nje, nazo huuzuia ugasumaku ulioletwa na upepo wa jua, ule mkondo wa chembe zenye chaji utokao kwenye Jua; ndani hubaki uwazi usio na ugasumaku. Chombo kingine, Giotto, kiliupita uwazi wa namna hii kwenye nyotamkia ya Halley Machi 1986, mara moja tu, kikaenda zake. Rosetta ilikaa ikangoja. Kila nikiiona mistari ile ikitulia, moyo hunienda mbio.

Saa 9. Mwenzangu anauliza: sifuri ile ni sifuri kweli, au ni sumaku ya chombo chenyewe? Swali zuri. Sumaku ya chombo huweza kuusogeza mstari juu au chini, lakini haiwezi kuuzima mtikisiko wake. Namwonyesha mtikisiko ulivyokoma, naye anakubali.

Saa 11 jioni. Nimeweka alama za kuingia na kutoka, kwa sekunde. Nashusha faili la 29 Julai, siku kamera zilipoona gesi na vumbi zikifoka.