Juu ya Njabini, Ndani ya Ukungu

Julai ikiingia Nairobi hujifunika gubigubi. Jua linaweza kupotea wiki nzima, watu wa Kangemi na Uthiru wanatoka asubuhi na majaketi mazito, na kila mmoja anaapa kwamba baridi ya mwaka huu imeshinda ya mwaka jana. Wengi wakipata nafasi hukimbilia Mombasa. Mimi na binamu yangu tulipanda matatu Nyamakima alfajiri, tukaelekea kule baridi inakozidi.

Gari lilipita Kabete, Limuru na Kimende, kisha pale Flyover likaiacha barabara ya Nakuru na kukata kulia kuelekea Kinangop. Tulishuka Njabini hatuoni hata paa la duka la pili kwa ukungu. Kondakta alituangalia buti zetu akatikisa kichwa. "Mnapanda mlima siku kama hii? Hamtaona kitu." Hatukumjibu, maana kitu tulichofuata ndicho hicho kilichokuwa kimeziba kila kitu.

Upepo unaoleta hali hii ni kusi, ileile inayojulikana na manahodha wa Lamu. Inatoka Bahari ya Hindi ikiwa na unyevu tele, inapanda nchi kidogo kidogo mpaka Nairobi, ambayo ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, halafu inakutana na ukuta wa milima ya Aberdare. Kilele cha Kinangop kina mita 3,906 na Ol Donyo Satima mita 4,001. Upepo hauna pa kupita ila juu, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa, hadi hewa inashindwa kubeba unyevu wake. Unyevu huo unageuka vitone vidogo mno. Anayeviona kwa mbali anasema ni wingu, aliye ndani yake anasema ni ukungu.

Kwenye kituo cha misitu tulipewa askari wa kutusindikiza, mzee mwembamba mwenye bunduki na gambuti. Bunduki ni kwa sababu ya ndovu na nyati, na hapo hakuna mzaha: tulikanyaga kinyesi cha ndovu ambacho bado kilikuwa kinatoa mvuke. Sehemu ya kwanza ni misonobari ya kupandwa, imenyooka kwa mistari, haina la kusimulia. Baada yake unaanza msitu wenyewe, yaani miti ya muthengera yenye vigogo vya kukumbatiwa na watu wawili, muiri ambao gome lake limevunwa sana kwa dawa ya tezi dume, na mbega wanaokohoa juu kama wazee wasiotaka wageni. Shorobo mmoja alivuka njia mbele yetu. Akitua ni ndege wa kijani tu, lakini akiruka mabawa yanafunguka mekundu ya kushtua. Nyekundu hiyo inatokana na rangi yenye madini ya shaba ndani yake, na ndege wa jamii hiyo pekee ndio wanaoitengeneza.

Kisha tukaingia kwenye mianzi, na hapo mwendo ukaisha.

Mianzi ya Aberdare inamea kwa wingi kati ya mita 2,400 na 3,000 hivi, na ni nyasi, ingawa nyasi yenyewe inakupita urefu mara sita au zaidi. Inashikana chini ya ardhi kwa mizizi iliyosukana, juu inainamiana mpaka njia inakuwa handaki. Tope lilikuwa jeusi na laini, likinyonya buti na kuliachia kwa mlio. Hakukuwa na upepo wala mvua, lakini kila mahali maji yalikuwa yanadondoka. Binamu yangu alivaa kofia ya koti akidhani mvua imeanza. Mzee akamwambia atoke aende pale penye uwazi, palipoanguka mianzi kadhaa. Akaenda, akasimama, akanyoosha mkono. Pakavu! Ukungu ulikuwa uleule, mnene vilevile, ila hakuna tone hata moja lililoanguka. Akarudi chini ya mianzi, maji yakampiga kichwani.

Nilisimama hapo muda mrefu kuliko alivyopenda mzee, nikalitazama jani moja. Ni jembamba, limechongoka nchani. Vitone vya ukungu ni vyepesi mno kuanguka vyenyewe, vinaelea tu mpaka vigonge kitu. Vilikuwa vinanasa kwenye jani kama vumbi jeupe, viwili vikiungana, vitatu, kisha maji yanateleza kwenye mshipa wa kati, yananing'inia nchani, yanavimba, yanadondoka. Linaanza tena. Zidisha hilo kwa majani ya mlima mzima, usiku na mchana, miezi ambayo huko chini hakuna mvua ya maana. Waliopima misitu ya namna hii sehemu mbalimbali duniani wanasema mara nyingi ukungu unaongeza kati ya asilimia 5 na 20 juu ya mvua ya kawaida, na kwenye miezi ya kiangazi sehemu yake inakua zaidi. Faida ya pili haionekani kwa macho: majani yaliyolowa, yasiyopata jua, hayapumui maji mengi kwenda hewani. Kwa hiyo msitu huu unapokea zaidi na kutumia kidogo, na kinachobaki kinashuka mtoni.

Juu ya mianzi miti inarudi, lakini mifupi, iliyopinda, imevikwa kigoga, ile mimea midogo laini inayotambaa juu ya miti, mpaka huoni gome. Matawini zinaning'inia ndevu za kijivu, ambazo ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, havina mizizi, chakula chao ni mwanga na maji yapitayo hewani. Nilikamua kishungi kimoja cha kigoga, kikubwa kama ngumi. Maji yalijaa kiganja yakamwagika. Tunapohimizwa kupanda miche, jambo ambalo silipingi, huwa tunahesabu mashimo. Mche hauna kigoga. Mti kama ule niliokuwa nimeushika umekuwa ukijivika kwa miaka mingi, na ukiangushwa hakuna anayeweza kuurudisha kwa sherehe ya siku moja.

Wanaopanda Kilima cha Ndovu, ambacho ndicho tulichokuwa tunapanda, wameipa sehemu moja jina la Mahali pa Kukata Tamaa. Sisi tulikata tamaa kabla hatujapafika, ila mzee alitusukuma. Huko juu ni vichaka, lobelia na majani makavu yanayochoma miguu. Hatukuona kilele, jasho lote hilo mpaka mita karibu 3,600 juu ya usawa wa bahari tukaishia kuangaliana nyuso. Mzee alinyoosha kidole kwenye weupe mtupu akatueleza kwamba milima hii ndiyo iliyoangukiwa na ndege ndogo Juni 2018, ikitoka Kitale kwenda Nairobi, na watu wote 10 waliokuwemo wakafa. Waokoaji walihangaika na baridi na ukungu kabla ya kuifikia. Tuliteremka bila kuongea sana.

Njabini tuliingia hoteli ya mabati, tukaagiza chai ya maziwa na chapati. Mama mwenye hoteli alitujua kwa matope. "Nyinyi vijana wa Nairobi ndio mnaokunywa maji yetu."

Alikuwa sahihi. Bwawa la Sasumua, lililojengwa 1956, liko jirani, na maji yake hushuka kwa mabomba hadi Kabete bila kusukumwa na mashine. Upande wa pili wa milima hiyohiyo, Murang'a, kuna Ndakaini, lililokamilika 1994, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, na hilo ndilo mhimili wa maji ya jiji. Matone ya binamu yangu yalikuwa njiani kuja nyumbani kwake.

"Na sisi hapa tunachota kwa jerikeni," mama akaendelea, akigeuza chapati kwa vidole.

"Hata kwetu, mama, bomba linatoa siku mbili kwa wiki," binamu yangu akajitetea. "Siku nyingine ni kununua kwa mkokoteni."

"Sasa kama hapa hayabaki na huko hayafiki, yanaenda wapi?"

Akamweleza habari za mabomba ya zamani yanayovuja na watu wanaojiunganishia usiku. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema basi watengeneze mabomba kwanza ndipo waje kuchimba mabwawa mengine huku, akataka pesa yake ya chai kwa sababu matatu ilikuwa imeshaanza kupiga honi.