Kofia ya kuogea kwenye alamu ya moshi

Jumamosi nilienda kwa dada mmoja rafiki yangu hapa Leicester, England, yeye anasukuma chapati mi nimekaa tunapiga stori, nikatupa macho juu kwenye dari nikaona alamu ya moshi imevalishwa kofia ya kuogea, ile ya nailoni, halafu imezungushiwa selotepu. Nikamuuliza dada hii nini tena, akasema hiyo kitu inapiga kelele kila nikibandika kikaango, watoto wanaamka, jirani anagonga ukuta, nimechoka nayo.

Namwelewa kabisa. Alamu yenyewe imefungwa pale pale mlangoni mwa jiko. Lakini roho haikutulia, maana watoto watatu wanalala juu na huko juu hakuna hata alamu moja, kimebaki kile kishikizo cha plastiki tu kwenye dari. Jamani, ukiwa umelala pua haikuamshi! Wengi tunadhani tutasikia harufu tutaamka, kumbe moshi wenyewe unakulevya huko huko usingizini. Kinachoamsha ni sauti.

Nikamuuliza kwa nini humwambii mwenye nyumba, akasema anaogopa, asije akaonekana msumbufu akapandishiwa kodi. Hiyo hofu naijua, ndo maana naandika. England sheria ipo tangu 2015, mwenye nyumba anayepangisha lazima aweke alamu ya moshi angalau moja kila floo wanayoishi watu, na siku mkataba unapoanza ahakikishe zinafanya kazi. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022 hata nyumba za kaunsili (yaani halmashauri ya mji) zimeingizwa humo, na ukitoa taarifa kwamba alamu imekufa anatakiwa aitengeneze au alete nyingine. Asipojali, kaunsili wanampa notisi ya siku 28, akigoma bado faini inaweza kufika pauni 5,000. Kwa hiyo huombi hisani. Kazi yako mpangaji ni kubonyeza kile kitufe cha kujaribu mara kwa mara na kubadilisha betri, basi.

Halafu kuna alamu ya kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu inayotoka kwenye moto, hii naomba muisome taratibu. Sisi tuliokulia kwenye jiko la mkaa tunazijua hizo habari, usiku wa baridi watu wanaingiza jiko chumbani wanafunga madirisha, asubuhi mlango unavunjwa. Hewa ile ile inaweza kutoka kwenye boila mbovu ya gesi (ule mtambo wa kupasha maji na nyumba), haina rangi haina harufu, na alamu ya moshi haiigundui hata kidogo. Tangu hiyo 2022 chumba chenye boila ya gesi lazima kiwe na alamu yake ya hiyo hewa. Jiko la gesi la kupikia halihesabiwi kwenye sheria, mi naona lingehesabiwa.

Na chapati je? Chapati zipikwe, hakuna anayekataza, funga mlango wa jiko, fungua dirisha, na mwambie mwenye nyumba aisogeze alamu mbali kidogo na jiko au alete ile ya optiko, inayotambua moshi kwa mwanga, hiyo haisumbuki sana na moshi wa mapishi kama zile za aina ya zamani.

Tulipoivua ile kofia nikaigeuza alamu nyuma, imeandikwa 2009. Hivi vitu maisha yake ni kama miaka 10, kwa hiyo hata kofia isingekuwepo sidhani kama ningeiamini. Tukapiga picha ile tarehe, tukapiga picha na kile kishikizo cha juu, tukaandika meseji pale pale unga bado uko mikononi, tukaituma. Jumatatu mwenye nyumba kajibu vizuri tu, fundi anakuja Alhamisi na alamu mbili za moshi na ya boila.